Handaki la Mavyaa

Nilipoletwa hapa bibi harusi, kutoka milimani
ambako hata tufaha huiva kwa kubembelezwa,
niliona shimo uani, refu kama mabehewa mawili,
kina chake kimo cha mtu na mkono alioinua.
Nikamwuliza Nekruz, moyo ukinidunda:
Nani amefariki?

Akacheka. Tukashuka ngazi ya udongo.
Milimau kumi na tisa, safu moja,
vilele vyake havijafika
usawa wa miguu ya kuku wa uani.

Baba yake alilichimba mwaka ule vita vilipokoma.
Kabla ya hapo, katika bonde hili la Vakhsh,
watu walichimba kwa sababu nyingine.
Majirani walipita, wakatazama, hawakuuliza.
Aliporudi sokoni na miche ndani ya gunia bichi
mmoja wao aliketi ukingoni, akalia.

Siku hizi Nekruz yuko Yekaterinburg,
analipwa kwa saa kukwangua theluji ya watu.
Mimi na mavyaa tunaifagia yetu bure
juu ya vioo, kwa ufagio wa mtama,
taratibu, maana kioo kimoja ni bei ya kuku watatu.

Mavyaa Sadbarg haniiti kwa jina.
Hunifundisha kwa kugomba:
Maji ya kisima usiyamwage hivyo hivyo, yalaze ndani kwanza;
mti ukinyweshwa baridi hupukutisha majani kwa hasira.
Saa sita, jua likitoka, inua kioo cha kusini,
mlimau nao hupumua, si maiti.
Ufunge kabla ya Laasiri. Kabla, nimesema.
Na wale wadudu gamba
wanaojifanya vipele vya tawi
tunawafuta mmoja mmoja,
kitambaa, maji ya sabuni, tumbaku kidogo iliyorowekwa,
jani juu, jani chini,
kama anayemnawisha mtoto masikio.

Usiku mmoja wa Januari umeme ukakatika.
Kipimajoto kilishuka mpaka nikaacha kukisoma.
Tuliteremsha jiko la mafuta ya taa kwa kamba.
Saa tisa mafuta yakaisha.
Mavyaa akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa,
akatoka na mifarishi ya harusi yangu,
ile myekundu aliyoishona mama kwa miaka miwili,
ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuilalia.
Hakuomba ruhusa. Alinitazama tu.
Nikashika pembe mbili, yeye mbili,
tukaitandaza juu ya vioo gizani,
theluji ikaanza kuketi juu ya hariri
kabla hatujamaliza.

Kulipokucha nilishuka mimi kwanza.
Miwili ya mwisho, upande wa lango, ilikuwa imeungua,
majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa.
Mingine ilisimama.
Mmoja ulikuwa na tumba,
jeupe, limeingia zambarau ncha,
halina habari ya lolote.

Jioni Nekruz alipiga simu. Nyuma yake mashine zilinguruma.
Hakunijulia hali. Aliuliza: "Mingapi?"
Nikamwambia kumi na saba.
Akanyamaza. Nikasikia koleo lake likigonga lami.
Habari za mifarishi sikumpa.

Sasa iko kwenye kamba, ina doa refu la tope
na harufu isiyotoka, nusu mafuta ya taa, nusu kondoo.
Mavyaa amelitoa limau la akiba kwenye mchanga wa stoo,
akalikata kwa kisu cha mkate,
kipande kinene akakitumbukiza katika chai yangu,
chembamba katika yake.
Kesho, akasema, tukate matawi yaliyoungua kwenye ile miwili.
Tusiing'oe. Mzizi bado haujasema.
Akapuliza chai yake.
Na sabuni imekwisha.